Kisu Chenye Vipande Vitano

Kila asubuhi kabla sijatoka nyumbani napapasa mifuko: funguo, simu, kitambaa, kisu. Kikiwa kimekunjwa, kisu hicho ni kama kijiti cha mbao chenye urefu wa sentimita 11 na uzito wa karibu gramu 50. Mpini umenenepa katikati na kupinda kidogo kisiginoni. Shingoni umevishwa pete ya chuma, na kwenye bapa pamegongwa alama ya mkono unaobariki, juu yake taji. Jana pekee nilikitumia kukata kamba ya kifurushi cha vitabu, kumenya maembe dodo mawili, kuchonga penseli ya mtoto wa jirani, na kukata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mkono wa shati la kijana niliyekaa naye kwenye daladala. Kijana yule alinitazama kwa wasiwasi nilipokitoa. Nilipokikunja na kuigeuza pete, akaniomba akishike.

Wasiwasi wake nauelewa. Kwetu kisu kina mahali pake: jikoni, buchani, shambani. Kikitoka huko na kuingia mfukoni mwa mtu, tunajiuliza anakwenda kumfanya nani nini. Ndiyo maana nataka nikieleze kisu hiki kimoja, kilikotoka na kinavyofanya kazi. Naamini kisu cha mfukoni hupimwa kwanza kwa namna kinavyofungika, makali yafuate. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na hawakukosea. Lakini nyama ikishaliwa, kisu kinakwenda wapi?

Visu vingi vinahitaji ala. Jambia la Mwomani lina ala iliyotiwa nakshi ya fedha. Sime ya Mmasai ina ala ya ngozi. Kisu cha kukunja hakina ala kwa sababu mpini wenyewe ndio ala. Wazo hilo ni la kale mno, hata Warumi walikuwa na visu vya namna hiyo. Ugumu wake ni kwamba kitu kinachokunjika chaweza pia kujikunja chenyewe, na kikijikunja hukuta vidole vyako njiani. Kila taifa lililotengeneza visu vya mfukoni lilitafuta dawa ya jambo hilo, na dawa niliyoipenda mimi ilipatikana katika bonde moja la milimani, mashariki mwa Ufaransa.

Mtoto wa mhunzi

Kisu changu kinaitwa Opinel, na Opinel ni jina la ukoo. Watu hao walikuwa wahunzi wa Gevoudaz, kitongoji cha bonde la Maurienne, ambako mto Arc unashuka kati ya milima ya Alps. Nchi hiyo huitwa Savoie, na ilijiunga na Ufaransa mwaka 1860 tu. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya wafalme wa Sardinia. Karakana ya ukoo huo ilitengeneza mashoka, miundu na visu vya kupogolea mizabibu, vyombo ambavyo bila hivyo wakulima wa milimani hawawezi kuishi. Aliyeiongoza katika miaka ya 1880 aliitwa Daniel Opinel.

Mwanawe Joseph, aliyezaliwa mwaka 1872, alikuwa mtu wa mashine. Inasimuliwa kwamba alijitengenezea kamera kwa mikono yake na kuitwa kupiga picha kwenye harusi za bondeni. Mwaka 1890, akiwa na miaka 18, alitengeneza kisu kidogo cha mfukoni. Hakikuwa na nakshi wala pembe ya ng'ombe, wala springi mgongoni. Kilikuwa na bapa, mpini wa mbao uliochongwa mfereji wa kulilaza bapa hilo, ribiti ya kuvishikanisha, na noleo la chuma la kuifunga shingo ya mpini isipasuke. Vipande vinne basi.

Mwaka 1897 Joseph alikitoa kisu chake katika saizi 12, akazipa namba kuanzia 1 hadi 12. Namba 1 ilikuwa ndogo sana, ya kuning'inizwa kwenye mkufu wa saa. Baadaye namba 1 na namba 11 zilikomeshwa, kwa hiyo hata leo ukipanga visu hivyo mezani utaanza na namba 2, yenye bapa la sentimita 3.5, na ukifika 10 utarukia 12. Ninachobeba mimi ni namba 8, bapa sentimita 8.5. Kwa mkono wa mtu mzima ndiyo saizi inayokaa sawasawa: inatosha kukata mkate mzima na haizidi kiasi cha kumenyea chungwa.

Alama ya mkono na taji nayo ina kisa chake, nami huwa nakisimulia kila anayeuliza. Mwaka 1565 Mfalme Charles IX wa Ufaransa aliamuru kila fundi mkuu wa visu agonge alama yake kwenye kazi yake, ili mnunuzi ajue nani wa kumfuata kisu kikimwangusha. Joseph alipotafuta alama yake, mwaka 1909, aliutwaa mkono ulio kwenye nembo ya Saint-Jean-de-Maurienne, mji wa jirani. Mji huo husimulia kwamba katika karne ya 6 Mtakatifu Thecla aliuletea mifupa ya vidole vitatu vya Yohana Mbatizaji. Ndiyo maana mkono wa kwenye bapa umenyoosha vidole vitatu. Taji ni la watawala wa kale wa Savoie. Kwa hiyo mtu akimenya nanasi kwa kisu hiki, ameshika mkononi masimulizi ya mji mzima.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kazi ilihamia Cognin, karibu na Chambéry. Kiwanda kikaungua mwaka 1926, kikajengwa upya. Mengine ya biashara nayapita. Ila moja siwezi kuliacha: mwaka 1989 neno opinel liliingia katika kamusi ya Larousse, kama ambavyo sisi tunasema kiwi tukimaanisha rangi ya viatu yoyote ile. Na miaka minne kabla ya hapo, jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilikuwa limekitaja miongoni mwa vitu 100 vilivyosanifiwa vizuri zaidi duniani. Kisu cha mkulima wa milimani, bila mapambo yoyote.

Pete ya Marcel

Kwa miaka 65 kisu cha Joseph hakikuwa na kufuli la aina yoyote. Bapa lilishikwa na mbano wa mbao peke yake. Fundi alilipasua tundu la mpini kwa kipimo ambacho bapa likiingia linabanwa pande zote mbili, na mkono wa mtumiaji ukikaza huongeza mbano huo. Kwa kukata mkate au jibini, inatosha. Lakini ukichoma ncha ndani ya kitu kigumu, tuseme unatoboa mkanda wa ngozi, nguvu hugeuka na kuja kwako, na bapa likirudi linaangukia kwenye fundo za vidole.

Mwaka 1955 Marcel Opinel, mtoto wa Joseph, aliongeza kipande cha tano, na jina lake ni Virobloc. Ni pete ya pili inayovaa juu ya noleo na kuzunguka. Pete hiyo haikukamilika duara. Ina mwanya upande mmoja. Mwanya ukitazamana na mfereji wa mpini, njia iko wazi, na bapa linapita kwenda na kurudi. Ukiisukuma pete kwa kidole gumba, mwanya unahama na ukingo wa chuma unakaa nyuma ya kisigino cha bapa. Hapo hata ukilikandamiza bapa kwa nguvu zako zote halirudi. Hakuna springi inayoweza kuchoka, hakuna kitufe, hakuna kijipini cha kupotea kwenye majani. Mwaka 2000 pete hiyo iliboreshwa ili iweze kufunga kisu kikiwa kimekunjwa pia, na hapo ndipo kilipokamilika. Kabla yake kisu kilifungwa kisimkate anayekitumia. Baada yake, hakiwezi kufunguka mfukoni wala kwenye mkoba ambamo mtoto anaingiza mkono kutafuta pipi.

Namuomba msomaji aishike pete hii kwa mawazo. Inageuka kwa uzito wa wastani, chuma juu ya chuma, kama kifuniko cha chupa kilichokaribia kufika mwisho. Imekatwa kwa kumithilisha koni, finyu mbele na pana nyuma, kwa hiyo jinsi unavyoizungusha ndivyo inavyokaza. Miaka ikipita na chuma kikalika, unaizungusha kidogo zaidi na inakaza vilevile. Kufuli linalojirekebishia uchakavu wake bila fundi: sijui vyombo vingapi nyumbani kwangu vinaweza hilo.

Visu vingine vya mfukoni navyo vina heshima yake. Karl Elsener wa Ibach, Uswisi, alifungua karakana mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akatoa kile cha maofisa chenye kizibuo na mabapa mawili, ambacho watoto wake wamekijaza mikasi, misumeno na bisibisi. Kina springi mgongoni inayolisukuma bapa likae wazi, lakini springi si kufuli. Wajapani wana Higonokami, bamba la chuma lililokunjwa kuwa mpini, na kiguu kidogo ambacho mtumiaji hukikandamiza kwa gumba muda wote anapokata. Vyote hufanya kazi. Mwelekeo wa dunia, lakini, umekuwa kuongeza: vifaa zaidi, springi zaidi, mabapa yanayochomoka kwa kidole kimoja. Ukoo wa Opinel uliongeza kitu kimoja katika miaka 65, na kitu hicho kilikuwa kwa ajili ya vidole vya mtu.

Kisu cha kuchomoka kwa kidole kimoja mimi sikipendi, na nitasema sababu. Mtu mwenye kazi ya kufanya hana haraka ya nukta moja. Opinel inahitaji mikono miwili: mmoja unashika mpini, mwingine unabana kucha kwenye mfuo mdogo wa bapa na kuvuta. Kisha unageuza pete. Mtu anayekutazama anaona wazi kwamba unafungua chombo cha kazi. Sheria za baadhi ya nchi zimelifikia jambo hilohilo. Ujerumani, tangu mwaka 2008, imezuia kubeba hadharani bila sababu ya msingi kisu kinachofunguliwa kwa mkono mmoja na kujifunga. Kinachotaka mikono miwili hakimo katika katazo hilo. Uingereza ni kali zaidi, na ndugu zetu walioko London au Leicester walijue hili: sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba bila sababu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, na mahakama zimeamua kwamba kisu chenye kufuli hakihesabiwi humo. Kwa hiyo pete ile ninayoisifu hapa ndiyo itakayokutia matatani kule. Opinel namba 5 kushuka chini haina pete, na bapa lake ni fupi. Na popote uendapo, kisu kinasafiri kwenye begi la chini ya ndege, hakiingii nawe kwenye kiti.

Chumvi, masika na mnoa visu

Opinel huja kwa chuma cha aina mbili, na kwa mtu wa pwani uchaguzi huu ndio mzito kuliko namba. Aina ya zamani ni chuma cha kaboni, ambacho kina karibu asilimia 0.9 ya kaboni. Kinanoleka upesi na makali yake ni ya kunyolea. Lakini kinashika kutu. Ukikata ndimu na kukiacha mezani, ukirudi bapa limegeuka kijivu, na pale maji yalipotulia pana doa jeusi. Doa hilo si ugonjwa. Likienea bapa zima linasaidia kulikinga na kutu nyekundu. Kutu nyekundu ndiyo adui, na upepo wa bahari huileta kwa usiku mmoja. Kasoro nyingine ni kwamba bapa likiwa bado jipya, embe linabaki na ladha ya chuma ulimini. Wahunzi wetu wanaofua mapanga kwa springi za magari wataijua tabia hii mara moja, maana chuma cha springi nacho kinashika makali vizuri na kutu vilevile.

Aina ya pili ni chuma kisichoshika kutu kutoka Sweden. Makali yake hayafikiki kirahisi kama ya kaboni, lakini ukilowa mvua Kariakoo hadi Mbagala, kisu kinatoka mfukoni king'aavu. Nilianza na kaboni na sasa nabeba hiki. Ile ya kaboni inakaa nyumbani, kavu, na imepakwa mafuta ya cherehani.

Kilichonitenganisha na ile ya kwanza ni uzembe. Nilimpa mnoa visu wa mtaani, wale wa jiwe linalozungushwa kwa pedeli za baiskeli. Mtu huyo ni hodari wa visu vya buchani, na mimi ndiye sikumwambia kitu. Alikaza bapa kwenye jiwe, cheche zikaruka, na aliponirudishia ncha ilikuwa imeingia rangi ya samawati. Rangi hiyo maana yake chuma kimepata moto kupita kiasi na ugumu wake umetoweka. Tangu siku hiyo sentimita mbili za mwisho hazishiki makali hata wiki. Bapa jembamba namna hii linolewe kwa mkono, juu ya kinoo kilicholoweshwa, ukililaza karibu na jiwe, ukivuta taratibu upande huu mara kumi na upande wa pili mara kumi. Dakika tano kwa mwezi zinatosha. Ukisikia sauti ya mkwaruzo imegeuka kuwa kama hariri inachanika, acha.

Mpini nao una maisha yake. Mbao yake ni ya mti ambao Wafaransa huuita hêtre, ngumu, yenye nyuzi za karibukaribu, lakini inakunywa maji. Wakati wa masika inavimba, mfereji unabana, na bapa linagoma kutoka. Mara ya kwanza nilihangaika nalo kwa koleo. Watu wa Savoie hawahangaiki. Wanafungua pete, wanashika mpini upande wa shingo, kisha wanagonga kisigino chake mara moja kwenye ukingo wa meza ya mbao. Mshtuko unalirusha bapa nje kiasi cha kutosha kucha kupata pa kushika. Huko kwao mtindo huo huitwa pigo la Msavoy, na watoto huujua tangu utotoni. Mafuta ya kitani yakipakwa kwenye mfereji na kuachwa yakauke siku kadhaa, huzuia uvimbe mwingi. Usikiloweke kwenye beseni la vyombo, wala usikifunge kikiwa kimelowa.

Kisu hicho kina toleo la watoto. Ni namba 7, ina pete yake kamili, lakini ncha imekatwa ikawa mviringo. Nilimpatia mpwa wangu wa miaka tisa, na wiki mbili za kwanza hakuruhusiwa kukata chochote. Alifungua, akageuza pete, akarudisha pete, akakunja, akageuza tena. Mama yake aliketi pale na moyo juu. Wiki ya tatu akapewa tango. Vipande vilikuwa vinene huku na vyembamba kule, na kidole cha mkono uliokamata tango alikuwa amekikunja kama nilivyomwonyesha, kucha ikitangulia. Tulikula kachumbari ile yote.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni huu. Ukiwa unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au mji wowote wenye chumvi hewani, chukua kisichoshika kutu, namba 7 au 8. Ukiwa bara na una subira ya kukausha na kupaka mafuta, chukua cha kaboni. Dukani usikimbilie makali. Kifungue, geuza pete, sukuma mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza uone kama linarudi. Likirudi, kirudishe. Na mtu akikuazima, kikunje kwanza, geuza pete, ndipo umpe mkononi.